Nilitia Saini Kabla ya Kulinganisha

Katika ripoti niliyoikabidhi kwa bodi niliandika kwamba programu mpya inakokotoa mikopo sawasawa na ile ya zamani, nikatia saini chini yake. Haikuwa kweli. Wala wakati naandika sikuwa na namna ya kujua kama ni kweli, kwa sababu programu hizo mbili sikuwa nimeziendesha juu ya data ileile na kulinganisha majibu yake.

Kosa ni langu. Nalieleza kwa sababu kazi ya kuhamisha programu kutoka lugha moja ya kompyuta kwenda nyingine kwa msaada wa akili mnemba inafanywa na wengi siku hizi, na kila hatua iliyonifikisha kwenye saini ile ilikuwa na sura ya busara. Ningemwona mwenzangu anazipita hatua hizohizo, ningemsifu kwa umakini.

Mteja alikuwa SACCOS ya walimu na watumishi wengine wa umma katika mkoa mmoja wa Tanzania. Mikopo yao ilikokotolewa na programu iliyoandikwa miaka ya 1990 kwa FoxPro 2.6 ya DOS. FoxPro ilikuwa mali ya kampuni ya Fox Software mpaka Microsoft ilipoinunua mwaka 1992, na mrithi wake wa mwisho, Visual FoxPro, aliachwa kuhudumiwa mwezi Januari 2015. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS, kwa hiyo ofisi ilikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyotunzwa kwa kazi hiyo tu, imeunganishwa na printa ya kelele inayokula karatasi zenye matundu pembeni. Kompyuta ilipoanza kujizima katikati ya kazi, bodi ikaona isingoje siku itakayogoma kuwaka. Wakanitafuta.

Python naijua vizuri. FoxPro nilikuwa naisoma kwa kukisia, kama lugha niliyoisikia utotoni kwa majirani. Mistari yake inasomeka kirahisi, na hapo ndipo nilipoanza kupotea: kwa kuwa niliweza kuisoma, nilidhani naielewa. Nikaanza kuipa akili mnemba faili moja moja. Ilinirudishia Python safi, yenye majina ya kueleweka na maelezo juu ya kila sehemu. Kazi niliyoipangia miezi ilikuwa inasonga kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona.

Kuna mambo mawili yaliyonifanya niiamini, na yote mawili yalikuwa ya kweli. La kwanza, ilinitahadharisha yenyewe kwamba sehemu za maandishi katika faili za FoxPro zina urefu usiobadilika, hivyo msimbo wa herufi moja uliohifadhiwa kwenye sehemu ya herufi tatu unakuja na nafasi mbili tupu nyuma yake. Ikaweka amri ya kuziondoa nafasi hizo kila mahali. Mimi nisingelikumbuka hilo. Nikasema moyoni, huyu anaijua FoxPro kuliko mimi.

La pili lilihusu tarehe. Tulizitoa data za zamani kama maandishi, na miaka ikatoka na tarakimu mbili. Python ikikutana na mwaka wa tarakimu mbili husoma 69 hadi 99 kuwa ya karne iliyopita na 00 hadi 68 kuwa ya karne hii. Mwalimu aliyezaliwa mwaka 1966 akaonekana amezaliwa 2066, na kwa kuwa umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, mfumo ukasema atastaafu mwaka 2126. Kosa hilo lilionekana mara moja, nikalirekebisha siku hiyohiyo. Niliona ni ushahidi kwamba macho yangu yako kazini. Leo naliona tofauti: lile lilikuwa kosa lenye sauti, na kulisikia hakukunifundisha lolote kuhusu makosa yasiyo na sauti.

Kisha nikafika kwenye majaribio. Mtu wa fani hii anajua kwamba programu haikabidhiwi bila majaribio, nami nilijua. Nikaiomba akili mnemba ileile iniandikie majaribio ya programu mpya. Iliandika mengi, kwa kila aina ya mkopo, kwa mkopo wa shilingi sifuri, kwa marejesho yaliyochelewa, kwa mwanachama aliyefariki. Yote yalipita. Skrini ilijaa rangi ya kijani kutoka juu hadi chini.

Majaribio yale yaliandikwa kwa kuisoma programu mpya. Yaliuliza kama programu mpya inafanya kile ambacho programu mpya inasema inafanya. Ni mwanafunzi aliyejibu mtihani, kisha akakabidhiwa kalamu nyekundu asahihishe. Na mimi, niliyekuwa nafanya kazi kwa walimu, niliipokea karatasi ile na kuandika matokeo bila kumuuliza mtu.

Nilifanya pia uhakiki kwa mkono. Nilichukua mikopo kadhaa ya kawaida na kadhaa ya dharura, nikapiga hesabu kwa kikokotoo, nikalinganisha na mfumo mpya. Ikalingana hadi senti. Sikuchukua mkopo wa elimu hata mmoja. Sina sababu ya maana ya kueleza kwa nini. Nilichukua iliyokuwa juu ya faili.

Mfumo ukahamishwa kabla ya mwisho wa mwaka. Januari, kama kawaida, ndio mwezi wa ada, na maombi ya mikopo ya elimu yakaingia kwa wingi. Makato yakaanza kutoka kwenye mishahara.

Mweka hazina wa SACCOS ni mama mtu mzima, mwalimu wa muda mrefu, ambaye hakuacha kuandika kwenye daftari lake la kaunta hata wakati programu ya zamani ilipokuwa nzima. Alinipigia simu. Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia, halafu akaingia kwenye jambo lake bila kuzunguka.

“Mwanangu, hebu nitazamie hii mikopo ya elimu. Mbona riba imekaa kama ya mkopo wa kawaida?”

Nilimjibu kwamba mfumo umehakikiwa. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba huenda kwenye daftari alichukua kiwango kisicho sahihi, au mkopo umeandikishwa kwa msimbo usio wake. Nilimweleza mama huyo kuhusu majaribio. Nilitaja idadi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa, mwanangu, lakini nenda kaangalie.”

Hilo la kumjibu vile linaniuma kuliko lile la programu. Alikuwa na ushahidi mkononi, umeandikwa kwa kalamu, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa na rangi ya kijani.

Nilifungua faili ya zamani kwa nia ya kumwonyesha kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nilitaka kumpigia picha mstari unaohusika nimtumie. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

CASE aina = "E"

Chini yake kulikuwa na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mstari uliofuata ulikuwa wa "D", mkopo wa dharura. Chochote kingine kiliangukia riba ya kawaida, asilimia 1.5. Nikafungua Python. Ilisema jambo lilelile: kama aina ni sawa na "E", tumia asilimia 1. Nikaweka faili mbili pembeni kwa pembeni, zikafanana kabisa. Nikawa na uhakika kuliko mwanzo.

Ndipo nikaangalia data, nitafute mkopo mmoja wa aina "E" nimtumie mama kama mfano. Haukuwepo. Nikadhani nimekosea kuandika swali, nikaliandika upya. Haukuwepo. Nikaagiza orodha ya misimbo yote iliyomo kwenye daftari la mikopo, tangu mwanzo hadi siku hiyo. Ikaja: K1, K2, D, EM, ES, EC, EU. Elimu ya msingi, sekondari, chuo, ufundi. Hakuna mwanachama aliyewahi kukopa "E" tupu.

Nilikaa nikiitazama orodha ile. Kwa Python, "ES" si sawa na "E", na ule mstari wa asilimia 1 haungefikiwa na mkopo wowote ulio hai. Hilo nililiona upesi. Kilichonichukua muda ni swali la pili: kama ndivyo, programu ya zamani ilikuwa inafanyaje miaka yote hiyo? Maana daftari la mama lilionyesha kwamba ilifanya sawasawa. Mstari ni uleule. Alama ni ileile. Na mmoja ulitoa haki, mwingine ukatoa dhuluma.

Katika FoxPro, alama ya = kati ya maandishi mawili hulinganisha herufi moja moja kutoka kushoto, na maandishi ya upande wa kulia yakiisha, inasimama hapo. Yaliyobaki upande wa kushoto hayaangaliwi. Ukiuliza kama "ES" ni sawa na "E", unajibiwa ndiyo. Tabia hii inaongozwa na mpangilio mmoja unaoitwa SET EXACT, na usipougusa, umezimwa. Imerithiwa kutoka dBASE, na katika kazi ya ofisi ilikuwa na faida kubwa: karani akiandika herufi tatu za mwanzo za jina, programu inampeleka kwa mwanachama anayemtafuta bila kumlazimisha aandike jina zima. Katika Python alama ya == inataka maandishi yote mawili yafanane mwanzo hadi mwisho.

Angalia mahali jambo hilo lilipokaa. Halikuwa kwenye mstari nilioutafsiri. Halikuwa kwenye faili yoyote kati ya zile nilizoipa akili mnemba. Lilikuwa ndani ya lugha yenyewe, kwenye mpangilio ambao mwandishi hakuuandika popote kwa kuwa hakuhitaji kuuandika. Ningeweza kuisoma programu ile mara mia, na nisingelipata kwa kusoma. Ningelipata kwa kuiendesha mara moja.

Mzee aliyeiandika yupo hai. Amestaafu, namba yake ya simu ilikuwa kwenye jalada la kwanza nililopewa, na sikuipiga. Nilipompigia sasa, nilimweleza nilichokikuta nikimwita mzee kila sentensi. Hakushangaa.

“Hilo nilifanya makusudi, kijana wangu. Nilijua wataongeza aina nyingine za elimu. Nikaona nikiacha E tu, hawatahitaji kunirudia.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Mkopo wa ufundi, EU, uliongezwa yeye akiwa ameshaondoka, na programu yake ikauelewa siku ya kwanza bila kuguswa. Ulikuwa ubunifu mzuri wa mtu aliyeijua lugha yake na aliyewajua watu wake. Mimi niliukata nikiamini nausafisha.

Baadaye niliiuliza ile akili mnemba swali moja la wazi: alama ya = katika FoxPro inalinganishaje maandishi? Ilijibu vizuri, ikataja SET EXACT na kunipa mifano. Maarifa yalikuwepo. Wakati wa kutafsiri hayakutumika, nami sikuuliza, kwa sababu mtu haulizi kuhusu alama ya usawa. Sitaki kuibebesha mashine mzigo huu. Haikutia saini ripoti.

Watu waliobobea kwenye kazi ya kutafsiri na kurekebisha programu walishaliona jambo hili mapema. Mwaka 2020 watafiti wa Facebook walipotangaza TransCoder, mfumo wa kutafsiri kati ya C++, Java na Python, walieleza kwamba kupima tafsiri kwa kuangalia jinsi maandishi yanavyofanana na mfano sahihi hakutoshi. Programu mbili zinaweza kutofautiana kwa alama moja tu na majibu yake yakawa mbali, au zisifanane kabisa kwa sura na zikatoa majibu yaleyale. Kipimo walichokitegemea kilikuwa cha kuendesha: pande zote mbili zipewe data moja, majibu yalinganishwe. Na nyuma zaidi, mwaka 2004, Michael Feathers aliandika kitabu kizima kuhusu programu za zamani, akieleza majaribio yanayonasa kile ambacho programu inakifanya kwa sasa, kiwe kimekusudiwa au la, kabla hujaigusa. Kitabu hicho nilikuwa nimekisoma. Ujuzi haukunikosa. Nilikosa kuutumia siku ambayo kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho nilichopaswa kufanya mwanzo. Kuna programu ya bure inayoitwa DOSBox, inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta ya kisasa. FoxPro ya zamani ilifunguka humo bila shida. Nikaiingizia data za miezi iliyopita, nikaziingiza hizohizo kwenye programu mpya, nikatoa orodha mbili za riba, makato na salio kwa kila mwanachama, nikaiagiza kompyuta inionyeshe kila mahali orodha zinapotofautiana. Maandalizi yake yalikuwa mepesi kuliko kuandika ile ripoti niliyoitia saini.

Ikaonyesha mikopo ya elimu, kama nilivyotarajia. Ikaonyesha na jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia: makadirio ya shilingi. FoxPro ikikadiria 2.5 kuwa namba kamili inatoa 3. Python inatoa 2, kwa sababu ikikuta nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, 3.5 inakuwa 4. Kwa mwanachama mmoja ni shilingi moja. Lakini mizania ya SACCOS ilikuwa inakataa kufunga kwa tofauti ndogo ambazo mhasibu wao alikuwa akizisawazisha kwa mkono, akidhani ni makosa yake. Naye hakuniambia, kwa kuwa ripoti ilisema mfumo umehakikiwa. Hayo ndiyo madhara ya saini: inawafanya watu wajishuku wao.

Gharama zilikuwa hizi. Kwa mkopo wa elimu wa shilingi 1,200,000, riba ya mwezi wa kwanza ilipaswa kuwa shilingi 12,000. Ilikatwa 18,000. Kila aliyepewa mkopo wa elimu baada ya mfumo kuhama alikatwa zaidi kwa uwiano huo, na wote walirudishiwa. Sehemu ya malipo yangu ambayo ilikuwa haijatolewa iliingia huko. Niliwaomba bodi iwe hivyo na wakakubali. Nilisimama kwenye kikao chao nikasoma maelezo ya kosa, na yakaandikwa kwenye kumbukumbu. SACCOS nyingine iliyokuwa imeanza mazungumzo nami ilimchukua mtu mwingine. Ilikuwa haki yao.

Kuna gharama ambayo haikurudishika. Mtumishi wa umma haruhusiwi kukatwa mpaka akabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na mfumo hupima sharti hilo kabla ya kumpa mtu mkopo. Kwa kuwa riba ilikokotolewa juu kuliko inavyostahili, rejesho la mwezi lilionekana kubwa, na wachache waliokuwa wanasimama ukingoni mwa theluthi wakakataliwa. Mmoja wao alikwenda kukopa kwa mtu binafsi ili mtoto asikose shule mwanzoni mwa muhula. Riba aliyotozwa huko haikuwa kwenye vitabu vyovyote ambavyo tungeweza kuvirekebisha. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akaniambia mtoto yuko shuleni, na hatukuzungumza zaidi.

Bado naifanya kazi hii, na akili mnemba bado naitumia, kwa sababu programu za zamani ni nyingi, walioziandika wanazeeka, na mtu mmoja hawezi kuzihamisha zote kwa mkono. Idara ya utafiti wa kijeshi ya Marekani, DARPA, ilitangaza mwaka 2024 mradi wa kutafsiri programu za C kwenda Rust kwa njia hiyohiyo. Kazi itaendelea kuja, na kwetu itakuja kupitia ofisi ndogo zenye kompyuta moja kuukuu na printa moja ya kelele. Kilichobadilika kwangu ni mpangilio. Majaribio siyachukui tena kutoka kwenye programu mpya. Yanatoka kwenye karatasi zilizochapwa na ya zamani, mwezi baada ya mwezi, kwa kila msimbo uliopo kwenye data, hata ule uliotumika mara moja tu. Simu ya aliyeandika programu naipiga kabla ya kufungua faili ya kwanza. Na ripoti yangu inataja ni miezi mingapi imelinganishwa na tofauti ngapi zilibaki bila maelezo.

Kwa hiyo, kama ofisini kwako kuna kompyuta ya namna ile, iko kwenye kona imefunikwa kitambaa, na mtu amekuja kukwambia kazi yake imeshahamishwa na sasa inaweza kuuzwa kama chuma chakavu, usikubali bado. Mwombe akuonyeshe majibu ya programu mbili kwa data moja, yakiwa kwenye karatasi moja. Akisema majaribio yote yamepita, muulize yaliandikwa kwa kusoma programu ipi.